Kabla ya Kununua Lori la Tatu



Ndugu zangu Waislamu, baada ya darsa ya Alasiri hapa Buyenzi, Bujumbura, vijana wawili walinijia. Baba yao, Allah amrehemu, aliacha Fuso mbili za kubeba mchanga na matofali. Sasa wanataka kupanua kazi: kuleta mizigo kutoka Dar es Salaam, na pia kuhamisha watu nyumba. Wakaniuliza, "Maalim, tupanue au tusipanue?" Wameniruhusu niandike bila kuwataja, kwa kuwa swali hili ni la familia nyingi.

Niliwajibu kwa swali: malori hayo ni ya nani? Wakanyamaza. Marehemu ameacha mjane, vijana hao wawili na binti ambaye hajabaleghe. Wazazi wake walishatangulia. Baada ya madeni na wasia, mama ana thumni, na kinachobaki mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke. Mali ikigawanywa mafungu 40, mama ana 5, kila kijana 14, na binti 7. Kwa hiyo mafungu 12 si yao, na 7 kati ya hayo ni mali ya yatima. Sote tunajua onyo la moto lililomo katika Suratun-Nisaa, aya ya 10.

Sisemi mali ya yatima ifungiwe kabatini. Sayyidna Umar (r.a.) amepokewa akihimiza ifanyiwe biashara isije ikaliwa na zaka. Lakini biashara ni kitu kimoja, na kubahatisha ni kingine.

Kwa maoni yangu, kuhamisha watu nyumba waanze. Lori ni lilelile, dereva ni yuleyule. Waongeze kamba, turubai na uaminifu, maana vyombo vya watu ni amana.

Safari za Dar bado. Ni zaidi ya kilomita elfu moja kupitia mpaka wa Kobero, na zinataka gari kubwa. Fedha hawana, kwa hiyo wanafikiria mkopo wa riba, ambayo Allah (S.W.T.) ameiharamisha katika Suratul-Baqara, aya ya 275. Tena foleni za mafuta za mwaka 2024 tuliziona: gari likisimama, deni halisimami. Wakitaka mtaji watafute mshirika: faida kwa mapatano, hasara kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja.

Kuna mteja pia amewaahidi kazi ya kudumu ya kubeba makreti ya bia. Hapo hapana mjadala. Mtume (s.a.w.) amewataja watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe, na mbebaji ni mmoja wao.

Mwisho, waandike, kama aya ya 282 ya Suratul-Baqara inavyoamrisha katika madeni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha waswali istikhara, wakijua kwamba istikhara haimwondolei mtu wajibu wa kupiga hesabu.

Walipoinuka niliwauliza, "Mama anasemaje?" Mkubwa akainamisha kichwa: "Hatujamwuliza." Nikamwambia, basi aanzie hapo, leo hii, kabla ya Magharibi.

Wabillahi tawfiq.