BARAZA LA BABU: Mtunzi Apite Kwanza

Kwa mara nyingine tena nawajia katika ukurasa wetu huu, na safari hii nawajia kurudisha maneno. Katika kitabu cha mwaka jana niliandika kwamba michezo ya simu inawapumbaza watoto wetu hapa Minneapolis na Saint Paul. Sehemu ya maneno yale leo nayafuta.

Mwezi wa Januari, theluji ikiwa imefika magotini, nilimnyang'anya simu mjukuu wangu wa miaka 13. Siku 9 hakunisemesha. Tulikaa sebule moja kama abiria wasiojuana. Siku ya 10 binti yangu akaniambia, "Baba, hata anachocheza hukijui." Ilikuwa kweli. Nikamrudishia simu yake, nikaketi karibu naye, nikasema, "Haya, nionyeshe."

Mchezo wenyewe ni Geometry Dash, uliotolewa mwaka 2013 na Mswidi mmoja, Robert Topala. Kisanduku kinakimbia chenyewe kwa mdundo wa muziki. Kazi yako ni kugusa kioo ili kiruke miiba. Ukigonga unarudi mwanzo kabisa, na unahesabiwa hilo ni jaribio la ngapi. Lakini utamu wake hasa uko katika hatua, au levo kama wasemavyo watoto, zilizotungwa na wachezaji wenyewe, kwani katika mchezo kamili mna karakana ya kuzitengenezea.

Akanipitisha katika zile azipendazo. ReTraY, ya mtu ajiitaye DiMaViKuLov26, ni nyepesi na ya kupendeza. Ndiyo niliyopewa mimi. The Nightmare ya Jax ndiyo wengi huanzia wakitaka kuonja daraja la juu, liitwalo Demon. Nine Circles ya Zobros inamemeteka nyekundu hata macho yakaniuma. Na Bloodbath, kazi ya watunzi kadhaa, iliyotoka mwaka 2015 baada ya Riot kuipita, hiyo yeye huwatazama tu wengine wakiicheza.

"Kwa nini Riot aipite kwanza?" nikauliza.

"Ndiyo sheria, Babu. Ukitunga hatua huwezi kuitoa mpaka uimalize wewe mwenyewe, toka mwanzo mpaka mwisho."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinichoma. Miaka 3 namgombeza mtoto huyu kwamba Kiswahili chake kimechakaa, kwamba hampigii simu bibi yake aliyeko Tanga. Nami sijapata kukaa naye hata saa moja nikamsomesha. Na bibi huyo, dada yangu wa tumbo moja, nilimpigia mara ya mwisho siku ya Idi. Nilimtungia mtoto hatua nisiyoipita mwenyewe.

Basi tukapatana. Kila Jumamosi tunampigia dada, mimi nikiwa wa kwanza kuzungumza. Kisha mjukuu anasoma ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa sauti. Halafu mimi nacheza ReTraY, naye ananifokea, "Ruka, Babu! Ruka sasa!" Kiswahili safi kabisa.

Siku hizi anatunga hatua yake mwenyewe, ameiita "Tanga". Mwisho wake ameandika "Shikamoo Bibi". Mpaka naandika haya haijatoka, kwa kuwa hajaipita. Amefika asilimia 94. Mimi katika ReTraY nimefika 61. Mwakani, Mungu akitujalia uhai, nitawaarifu ni nani aliyetangulia kufika.

Wasalaam,
Babu yenu