Dawa ya Maneno Nayo Ipimwe

Hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayeridhia mwanawe anyweshwe dawa ambayo haijapata kupimwa. Lakini mtoto huyo huyo akipatwa na woga usiokwisha, au huzuni inayomkosesha usingizi na hamu ya chakula, hupelekwa kwa mshauri, na aghalabu hapana anayeuliza atapewa tiba gani wala pana ithibati gani kwamba itamfaa. Maneno nayo ni dawa, na ni haki yapimwe kwa mizani ile ile. Tena yapimwe katika kliniki za mitaani yatakakotumika, penye wagonjwa wengi na wakati mchache, wala si vyuoni peke yake, ambako huchaguliwa watoto wenye shida moja iliyo bayana.

Marekani ilifanyika tajriba inayostahili kutufunza. Mwaka 2012 John Weisz, Bruce Chorpita na wenzao walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika kliniki za Massachusetts na Hawaii, kwa watoto 174 wa miaka 7 hadi 13, waliosumbuliwa na wasiwasi, sonona au utovu wa adabu uliopita kiasi. Matabibu waligawanywa kwa kura: baadhi yao waliachwa watibu kama walivyozoea, wengine walipewa vitabu vya mwongozo vya kufuatwa sura kwa sura, na wengine walipewa maarifa yale yale ya vitabuni, lakini yaliyogawanywa mafungu mafungu, ili tabibu achague fungu linalomfaa mtoto aliye mbele yake, na alibadilishe hali ikibadilika.

Mathalani, mtoto aogopaye mbwa huambiwa aipange hofu yake kwa daraja, tangu kuitazama picha ya mbwa, hadi kusimama mbali na mbwa aliyefungwa, hadi kumgusa. Kisha huzipanda daraja hizo moja moja, akikaa katika kila moja hata woga upoe. Ikiwa katikati ya kazi hiyo ameanza kugoma kwenda shule na kumtukana mamaye, tabibu mwenye mafungu huziweka daraja kando, akamfundisha mama kulisifu tendo jema papo hapo na kutoa amri moja kwa maneno machache, kisha akazirudia daraja mambo yakitulia. Na ili uhuru huo usigeuke kubahatisha, mtoto na mzazi hutaja kwa maneno yao wenyewe matatizo makubwa matatu, wakaulizwa kila juma ukali wake kwa alama za 0 hadi 10. Watoto waliotibiwa hivyo walipata nafuu kwa haraka kuliko wa makundi mengine yote mawili, ilhali vitabu vya sura kwa sura havikuonekana kuishinda tiba ya mazoea.

Lakini insafu yataka upande wa pili nao usemwe. Katika tajriba ile matabibu walikuwa wakishauriana kila juma na mabingwa wa njia hiyo. Na katika uchunguzi mwingine uliochapishwa 2018, wasimamizi wa kliniki zenyewe walipoachiwa kazi hiyo, njia ya mafungu haikuizidi tena tiba ya kawaida. Kwangu mimi, funzo ni kwamba kitabu kizuri bila msimamizi hodari hakimponyi mtoto.

Kwetu nako mlango umekwisha kufunguliwa. Weisz huyo huyo, pamoja na Mkenya Tom Osborn na wenzao, walichapisha mwaka 2021 uchunguzi juu ya wanafunzi 413 wa sekondari nchini Kenya, ambamo vikao vinne tu, vilivyoongozwa na vijana wasio matabibu, vilipunguza sonona na wasiwasi kuliko masomo ya mbinu za kusoma. Tena huko Moshi na Bungoma watoto 640 waliofiwa na wazazi walishiriki katika tajriba ya tiba ya kiwewe, iliyotolewa na washauri wasio matabibu waliofunzwa kazi hiyo: baada ya mwaka mmoja faida yake ilikuwa bado dhahiri Kenya, bali Tanzania watoto wa makundi yote mawili, waliopewa tiba hiyo na wasiopewa, walikuwa wamepata nafuu sawa. Ikiwa tiba moja huzaa matokeo mbalimbali pande mbili za mpaka mmoja, vipi tuiamini ya Massachusetts pasipo kuipima?

Kwa hiyo nazisihi wizara za afya za Dodoma na Nairobi, kabla ya kuchapa mwongozo wowote wa taifa, zichague vituo vya afya kadhaa vya mjini na vya shamba, zilinganishe kwa kura tiba iliyopo na hiyo ya mafungu, na zitenge fedha za wasimamizi wa kila juma mapema kuliko fedha za semina. Atakayesema kwamba kura huwadhulumu baadhi ya watoto, na akumbuke kwamba hao watapata kile wanachopata leo. Dhuluma iliyo kubwa zaidi ni kuwapa watoto wote tiba tusiyoijua, na kuendelea kutoijua mwaka baada ya mwaka.