Mambo ya Shamba: Mche wa Bei Nafuu na Miaka ya Kungoja

Katika mashamba ya Yamumbi, karibu na mji wa Eldoret, mahindi ndiyo tegemeo la watu wengi. Mkulima hupanda mvua zianzapo, na kabla ya mwaka kwisha amekwisha vuna. Serikali nayo imelisaidia zao hilo: mwaka 2022 ilishusha bei ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 hadi shilingi 3,500, na mwaka 2023 hadi shilingi 2,500. Faida ya msaada huo huonekana katika msimu ule ule.

Mazao ya miti hayaendi hivyo. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya kilimo, na Serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu imepata kuwagawia wakulima miche ya maparachichi na makadamia kwa bei nafuu. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mparachichi, hata uliopandikizwa, hukaa miaka 3 au 4 ndipo uanze kuzaa, na mmakadamia hukawia zaidi. Ruzuku hulipia siku ya kwanza. Siku zote zinazofuata hulipiwa na mkulima mwenyewe.

Zamani Kampuni ya East African Tanning Extract ilikuwa na mashamba makubwa ya miwati huko Uasin Gishu, miti ambayo magome yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Miti hiyo ilingojewa miaka mingi kabla ya kukatwa, na kampuni iliweza kungoja kwa kuwa ilikuwa na fedha na ardhi tele. Mwenye ekari 2, na watoto wako shuleni, hawezi kungoja hivyo. Akiacha mahindi yote ili apande miti ya matunda, mwaka wa pili atakosa chakula na karo, kisha ataing'oa miti isiyompa bado hata tunda moja. Hapo fedha za Serikali na jasho lake vyote vimepotea.

Basi iliyo bora ni kuanza kidogo. Katika ekari 1, miparachichi ikiachana mita 7 kila upande, huingia kama 80. Robo ya ekari yatosha miche 20. Kati ya mistari yapandwe maharagwe, wala si mahindi, ambayo huitia miche kivuli. Miche itoke katika kitalu kilichosajiliwa. Mashimo yachimbwe mapema na kutiwa samadi, na maji yawekwe tayari kwa kiangazi cha Januari na Februari, maana mche mchanga haustahimili kiu. Tena Eldoret iko juu kupita mita 2,000, na baridi yake hukawiza matunda kukomaa.

Aidha, mkulima aandike gharama zake zote, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari kama hilo litawafaa pia Bwana Shamba na wakuu wa kaunti. Wanapohesabu miche waliyogawa, wahesabu na ile iliyo hai katika mwaka wa tatu. Ruzuku ya miti hupimwa kwa miti inayozaa, si kwa miche iliyoteremshwa kutoka kwenye lori.