Mtoa mada, tanguliza lililo zito

Watoa mada wengi hulalamika kwamba wasikilizaji wa siku hizi hawana subira: wanachezea simu, wanasinzia, wanangoja saa ya chai. Lawama hii haiwastahili. Anayekaribishwa kusema mbele ya watu ana deni kwao, nalo ni kuamua kabla hajasimama ni jambo gani hasa wasilopaswa kutoka ukumbini bila kulijua, kisha alitangulize. Asipofanya hivyo huwaachia wao kazi ya kupembua, na wengi hawataifanya.

Madhara yake yanaweza kuzidi usingizi. Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha angani Columbia kiliporushwa kutoka Florida, kipande cha povu la kukinga joto kilibanduka kwenye tangi la mafuta kikagonga bawa la kushoto. Wahandisi wa Boeing walipiga hesabu, na matokeo yakawasilishwa kwa wakuu wa NASA kwa slaidi. Mojawapo ilibeba kichwa cha kutuliza moyo, na chini yake maneno yamerundikana ngazi kwa ngazi, herufi zikizidi kuwa ndogo. Mstari wa mwisho kabisa ndio uliokuwa na habari yenyewe: povu lililogonga lilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, ilhali kipande cha majaribio kilikuwa na inchi 3 tu. Ni mara 640! Majaribio yaliyotegemewa hayakukaribia hata kidogo kilichotokea, lakini jambo hilo liliwekwa pale ambapo jicho lililochoka halifiki. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirejea duniani, wakafa wanaanga wote 7. Sisemi slaidi ndiyo iliyowaua. Chanzo kilikuwa povu, na wakuu walikuwa na makosa yao mengine. Lakini tume ya uchunguzi iliona haja ya kuitaja slaidi hiyo, na kuikemea tabia ya kutumia slaidi badala ya taarifa kamili za kitaalamu.

Wapo watakaosema kwamba mkuu wa idara anataka kila kitu kiwemo, ili hata wasiohudhuria wapate kumbukumbu. Haja hiyo ni ya kweli, ila inatimizwa na taarifa iliyoandikwa kwa sentensi kamili na kugawiwa watu mkononi. Ukutani zingetosha namba mbili, 1,920 na 3, na msemaji akaeleza maana yake akiwatazama watu usoni. Wengine watadai kwamba kuvuta wasikilizaji ni kipaji cha kuzaliwa. Sauti nzuri labda; lakini kuchagua neno la kutangulia ni kazi ya mezani, na kila mtu anaweza kuifanya. Isome mada yako kwa sauti mbele ya mtu asiye wa fani yako, kisha umuulize amesikia nini. Akikutajia jambo jingine usilolikusudia, usimsahihishe. Rudi mezani ukaiandike upya kabla siku haijafika.