Waliochemsha wakarudi

Wiki hii tuwacheki Poland kwenye Junior Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya watoto wa Ulaya. Mwaka 2003 walishika mkia, pointi 3 tu. 2004 wakachemsha tena, wakaingia mitini hadi 2016! Miaka yote hiyo watoto wenye sauti zao wakabaki kuimbia bafuni.

Waliporudi, weee! 2018 Roksana Węgiel, binti wa miaka 13, akabeba kombe kule Minsk. 2019 Viki Gabor, miaka 12, akalibakiza nyumbani, Gliwice. Mara mbili mfululizo, hakuna nchi iliyowahi kabla yao. Nawafagilia kinoma.

Ila yule aliyekuwa na miaka 12 mwaka 2005, nani alimsikia?