Ndege ya mtumba ina somo kwa mnunuzi wa trekta

Mpunga ukishauzwa na fedha zikawa mkononi, vikundi vya wakulima wa Bonde la Kilombero huanza kuulizia matrekta. Jipya ni ghali, hivyo mazungumzo mengi mjini Ifakara huishia kwenye mtumba. Swali la kwanza huwa bei, na mara nyingi ndilo la mwisho.

Matajiri wanaonunua ndege za mtumba hawaishii hapo. Mfano ni Hawker 4000, ndege ya Kimarekani ya wafanyabiashara, inayobeba abiria wapatao 8. Ikiwa mpya iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 20. Mwaka 2012 kampuni iliyoitengeneza, Hawker Beechcraft, ilifilisika, na ilipojipanga upya mwaka 2013 ilikuwa imeachana na kutengeneza jeti. Ndege zilizokwisha kutoka kiwandani hazikufika 80. Leo mtumba wake unauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ile, ingawa ndege yenyewe si mbovu. Wanunuzi wanahofia vipuri, na mafundi wanaoijua ni wachache.

Ndiyo maana mnunuzi makini hadanganywi na rangi mpya na viti vya ngozi. Hudai daftari za matengenezo tangu siku ya kwanza. Huipeleka ndege kwenye karakana aliyoichagua yeye, si ya muuzaji. Huuliza matengenezo makubwa yajayo ni lini, na kama mwenye ndege alikuwa akiweka akiba ya injini kwa kila saa aliyoruka. Kama hakuweka, bei inashuka.

Tanzania imekwisha kulipa ada ya somo hili, japo kwa kukodi. Mwaka 2007 Shirika la Ndege (ATCL) liliingia mkataba wa miaka 6 wa kukodi Airbus A320 iliyokwisha kutumika, kwa dola 370,000 kwa mwezi. Iliruka miezi michache tu, ikapelekwa nje kwa matengenezo makubwa. Kodi iliendelea kuhesabiwa, na mzigo wa deni ukaiangukia Serikali.

Kikundi cha wakulima hakina Serikali ya kukilipia. Trekta likifa katikati ya msimu wa kulima, mashamba ya wanachama yanabaki na majani huku riba ya mkopo ikipanda. Na udongo mzito wa mbugani hauna huruma na klachi iliyochoka.

Afadhali basi trekta kuukuu la aina iliyozoeleka, ambayo kila fundi wa Ifakara amekwisha kuifungua, kuliko lenye umri mdogo ambalo spea zake lazima ziagizwe Dar es Salaam au ng'ambo. Fundi alipwe na kikundi, alikague injini, klachi na haidroliki kabla ya malipo, na alilimishe shambani nusu siku. Muuzaji akikataa, kikundi kirudi nyumbani na fedha zake.

Lipo pia jambo la akiba. Trekta linalolima ekari 200 kwa msimu, zikitengwa shilingi 5,000 kwa kila ekari, linajiwekea shilingi milioni 1 ya matengenezo. Fedha hizo ziwe na akaunti yake, mbali kabisa na posho za vikao.