Kifuniko cha Sufuria na Hifadhi ya Misitu

Katika nyumba nyingi za Tanzania, maharage na makande hutokota kwa saa nyingi juu ya mkaa, sufuria ikiwa wazi na maji yakichemka kwa kishindo. Wapishi wengi huamini kwamba maji yanayochemka kwa nguvu huivisha chakula upesi zaidi. Imani hiyo haina msingi wa kisayansi, nayo huangamiza miti.

Kila mwanafunzi wa fizikia hufundishwa kwamba maji yakishafikia kiwango cha kuchemka, joto lake halizidi hata moto ukichochewa. Dar es Salaam kiwango hicho ni nyuzi 100 za Sentigredi. Mbeya, kwa sababu ya mwinuko wake, ni nyuzi 94 hivi. Moto unaozidi kazi yake ni moja tu, yaani kuyageuza maji kuwa mvuke. Kupandisha joto la lita 1 ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 huhitaji kilojuli 315 hivi. Kuigeuza yote kuwa mvuke huhitaji kilojuli 2,260 hivi, yaani mara saba. Basi sufuria inapokauka na kuongezwa maji tena na tena, mkaa mwingi umeteketea pasipo faida.

Hasara hiyo haiishii jikoni. Katika matanuri ya udongo ya kienyeji, kilo 1 ya mkaa mara nyingi hutokana na kilo 5 hadi 10 za kuni. Hivyo kila kilo ya mkaa inayookolewa nyumbani huokoa kuni nyingi zaidi msituni.

Njia za kuokoa mkaa huo ni nyepesi. Maharage yalowekwe usiku kucha, sufuria ifunikwe, na moto upunguzwe mara maji yanapochemka. Aidha, maharage yaliyokwisha kuchemka kwa nusu saa yaweza kuendelea kuiva yenyewe, sufuria ikifunikwa vema ndani ya kikapu kilichoshindiliwa majani makavu au matambara yanayozuia joto kupotea.

Wapo wasemao kwamba hayo ni mambo madogo, na kwamba suluhisho ni gesi na umeme. Ni kweli kwamba mkakati wa taifa wa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni jema, hasa kwa mapafu ya wanaovuta moshi kila siku. Lakini kanuni ya mvuke haibadiliki kwa kubadili jiko. Sufuria iliyo wazi hupoteza gesi na umeme vilevile.

Si haki lawama ziwaangukie akina mama peke yao. Mwanafunzi anayekokotoa joto fiche katika mtihani, kisha asiitambue hesabu hiyo jikoni kwao, hajapewa elimu kamili. Yafaa walimu wawaagize wanafunzi, wavulana kwa wasichana, wapime mkaa unaotumika kupikia kilo 1 ya maharage yaliyolowekwa na kufunikwa, na ule wa kilo 1 yasiyolowekwa wala kufunikwa. Matokeo yaandikwe ubaoni, kisha yapelekwe kwa wazazi. Hapo ndipo somo la fizikia litakapoinufaisha misitu.